Kushusha Giaboksi Nyumbani: Kazi ya Fundi au Somo la Fizikia?

Si jambo geni katika miji yetu, wala katika vijiji vilivyo kando ya barabara kuu, kuona gari limeinuliwa uani, vyuma na magogo vimepangwa huku na huku, na miguu ya mtu imechomoza chini yake. Mara nyingi kazi inayofanyika hapo ni moja. Klachi imekwisha, gari halivuti tena mlimani, na kwa kuwa klachi imefichwa kati ya injini na giaboksi, hakuna njia ya kuifikia ila giaboksi ishushwe kwanza. Mwenye gari hukisia gharama ya gereji, akazitazama spana alizo nazo, akamwita kijana wa jirani, na kazi ikaanza.

Kuhusu kazi hii watu wamegawanyika. Wako wanaosema kwamba iachiwe mafundi wa gereji peke yao, na kwamba mwananchi wa kawaida, seuze mwanafunzi, asiiguse kabisa. Wako wengine wanaodai kwamba hapana la kuogopa, kwani ni kufungua bolti na kufunga bolti, nayo yataka nguvu za mikono tu. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, tena zimekosea kwa sababu ile ile: zote zinaichukulia kazi hii kuwa ya mikono na si ya akili. Maoni yangu ni haya. Kushusha giaboksi ni somo la fizikia na kemia lililokamilika kuliko mengi tunayoyaandika ubaoni. Mtu aliyeielewa sayansi yake aweza kuifanya nyumbani kwa usalama. Na asiyeielewa hafai kuingia chini ya gari, hata kama amekwisha kuifanya mara kumi akanusurika. Kwa hiyo shule zetu za sekondari zina wajibu katika jambo hili, na wajibu huo bado haujatimizwa.

Giaboksi yafanya nini?

Kabla ya kuishusha, yafaa tuelewe kwa nini gari linayo. Injini ya petroli au ya dizeli ina udhaifu mmoja mkubwa: haiwezi kuzungusha chochote ikiwa imesimama. Yahitaji kwanza iwe inazunguka mara mia kadhaa kwa dakika, na nguvu yake ya kuzungusha ni ndogo kuliko inayotakiwa ili gari lililosimama lianze kupanda mlima. Hapana budi pawepo chombo cha kubadilisha mwendo mwingi wenye nguvu kidogo uwe mwendo mdogo wenye nguvu nyingi. Chombo hicho ndicho giaboksi, na kanuni yake ni ile ile ya wenzo ambayo kila mwanafunzi huifundishwa.

Tuchukue mfano. Tuseme injini ya pikapu ndogo yatoa nguvu ya kuzungusha ya Nyutoni-mita 150. Gia ya kwanza yaizidisha mara 3.6, na meno ya difu huko nyuma yaizidisha tena mara 4.1. Magurudumu yatapata Nyutoni-mita 150 × 3.6 × 4.1, yaani 2,214, tukiacha kando kiasi kinachopotea kwa msuguano. Ikiwa nusu kipenyo ya gurudumu ni mita 0.3, kani inayosukuma gari mbele ni 2,214 ÷ 0.3, yaani Nyutoni 7,380. Hiyo ni kani ya kutosha kuliondoa gari lenye shehena.

Lakini maumbile hayatoi kitu bure. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika katika gia hiyo ya kwanza, magurudumu huzunguka mara 203 tu, na gari huenda kilomita 23 hivi kwa saa. Katika gia ya nne ya giaboksi ya namna hii shafti ya kuingilia na ya kutokea hufungamana moja kwa moja, na mzidisho unaobaki ni ule wa difu peke yake. Mwendo hupanda hadi kilomita 83 hivi kwa saa, ila kani hupungua hadi Nyutoni 2,050. Kilichoongezeka upande mmoja kimepungua upande wa pili, na nishati haikuzaliwa wala haikufa. Mwanafunzi anayejua hesabu hii hawezi tena kudanganywa na mtu anayenadi mashine ya kutoa nguvu bila ya kula mafuta.

Historia ya chombo hiki nayo yafundisha. Katika mwaka 1891 kampuni ya Panhard et Levassor ya Ufaransa ilipanga injini mbele, klachi na giaboksi nyuma yake, na magurudumu ya nyuma yakawa ndiyo yanayoendeshwa. Mpangilio huo umeigwa na magari mengi hata leo. Giaboksi za kale zilikuwa na meno ya kutelezeshwa yakutane, na dereva asiye hodari aliyakwaruza kwa kelele ya kutisha. Mnamo mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye ringi za kusawazisha mwendo, ambazo kwa msuguano wake huilinganisha kasi ya gia na ya shafti kabla havijashikana. Katika giaboksi nyingi za leo gia za kwenda mbele hukaa zimekwisha kushikana daima, na meno yake yamekatwa kwa mshazari ili yaingiane polepole bila ya makelele. Gia ya kurudi nyuma, katika magari mengi, bado ina meno yaliyonyooka. Hiyo ndiyo sababu gari huvuma kwa sauti kali linaporudi nyuma. Wanafunzi wengi wameisikia sauti hiyo maisha yao yote bila ya kuulizwa inatoka wapi.

Mpango wa kazi

Nitaeleza kwa ufupi jinsi kazi inavyokwenda katika gari lenye propela, yaani lile ambalo injini iko mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayovuta. Magari yanayovuta kwa magurudumu ya mbele yana mpango mwingine, kwa sababu giaboksi na difu huwa kitu kimoja kando ya injini. Na katika Land Rover za zamani giaboksi kwa kawaida haishushwi kabisa; mafundi hufungua sakafu na sanduku la viti, wakaipandisha na kuitoa mlangoni. Kwa hiyo kitabu cha gari linalohusika ndicho kiongozi wa kwanza.

Gari huegeshwa mahali pa sawa, na magurudumu yanayobaki chini huzuiwa kwa vigogo mbele na nyuma. Waya hasi wa betri hufunguliwa kabla ya kingine chochote, kwa sababu waya mnene wa stata huwa na umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa umetolewa. Spana ikiugusa pamoja na bodi hutoa cheche na kuungua. Baada ya gari kuinuliwa na kukalishwa juu ya stendi, oili ya giaboksi humwagwa katika chombo. Mkono wa gia hutolewa kwa ndani. Propela hutiwa alama kwenye difu kabla ya kufunguliwa, ili irudi vile vile ilivyokuwa, maana shafti ndefu inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika ikirudishwa kinyume yaweza kutetemesha gari zima. Kisha hufunguliwa waya wa spidi, waya za taa ya kurudi nyuma, stata, na silinda ndogo ya klachi. Silinda hiyo hufungwa kando kwa kamba bila ya kukata bomba lake, na mtu yeyote asikanyage pedeli.

Ndipo injini hutegemezwa kwa chini, kwa kuwa giaboksi ikiondoka mkia wa injini hauna wa kuubeba. Giaboksi nayo hubebwa kwa jeki yake. Chuma kinachokingama chini ya mkia wake hufunguliwa, bolti zinazoishikamanisha na injini hutolewa moja moja, na giaboksi huvutwa nyuma kwa kunyooka hadi shafti yake ya kuingilia itoke kabisa katikati ya klachi. Hapo tu ndipo yaweza kushushwa. Kurudisha ni kufuata njia hiyo hiyo kinyumenyume, kwa nyongeza moja: klachi pleti mpya lazima iwekwe katikati kabisa kabla ya presha pleti kukazwa. Ikikaa upande hata kwa milimita chache, shafti haitaingia. Mafundi wetu huchonga kijiti cha mti kwa kipimo cha tundu, wakakitumia kuipanga pleti hiyo. Kijiti hicho ni chombo cha kisayansi sawa na kile kiuzwacho dukani, mradi kimechongwa kwa kipimo.

Sheria zisizomsamehe mtu

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja yangu. Kila mara mtu anapokufa chini ya gari husemwa kwamba siku yake ilifika. Siwezi kubishana na imani ya mtu, lakini yafaa tuseme pia kwamba kuna sheria ya fizikia iliyopuuzwa, na kwamba sheria hiyo ingeweza kufundishwa darasani.

Tuanze na jeki ya mafuta. Kanuni yake aliieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kanieneo inayotiwa kwenye kiowevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Tuseme mbele ya gari panalemea kwa Nyutoni 8,000, na pistoni kubwa ya jeki ina eneo la sentimita mraba 10. Kanieneo ndani yake ni Nyutoni 800 kwa kila sentimita mraba, yaani karibu mara 80 ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Ikiwa pistoni ndogo ina eneo la sentimita mraba 1, yatosha kuisukuma kwa Nyutoni 800. Na mpini wenye wenzo wa mara 10 huufanya mkono ubonyeze kwa Nyutoni 80 tu. Hata mtoto ataweza. Hapo ndipo mtego ulipo. Wepesi wa mkono humfanya mtu asahau kwamba uzito wote ule umezuiwa na vipande vidogo vya mpira na kijipu cha chuma kinachofunga njia ya mafuta. Mpira ukichakaa, au chembe ya mchanga ikikaa chini ya kijipu, mafuta hupenya na gari hushuka. Jeki imetengenezwa kwa kuinulia, haikutengenezwa kwa kushikilia. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki, iwe kwa saa nzima au kwa nukta chache za kuokota nati iliyoanguka.

Pili, yapo yale yanayowekwa badala ya stendi. Wengi hutumia mawe na matofali ya saruji. Tofali la saruji huvumilia sana kugandamizwa sawasawa, lakini ni dhaifu mno linapovutwa au kupindwa, na chuma chembamba cha chesisi kikilikalia sehemu moja tu hulipasua. Tena hupasuka ghafla, bila ya kutoa onyo. Gogo la mti mgumu, likilazwa kwa upana na kupangwa kwa kupishana, hubonyea kwanza na kutoa sauti. Huwapa watu nafasi ya kukimbia. Pamoja na hayo stendi za chuma, mbili kwa idadi na zenye kipimo cha uzito unaotakiwa, ndizo bora. Bei yake ni ndogo kuliko ya klachi, na mtu aliyepata fedha ya klachi asiseme kwamba amekosa ya stendi.

Tatu, ardhi yenyewe. Stendi inayobeba Nyutoni 4,000 kwa miguu minne yenye jumla ya sentimita mraba 20 huisukuma ardhi kwa Nyutoni 200 kwa kila sentimita mraba. Mchanga wa pwani au udongo uliolowa mvua hauwezi kuvumilia hayo. Mguu mmoja huzama na stendi huinama. Ukiiweka stendi juu ya ubao mnene wa sentimita 30 kwa 30, kanieneo hushuka hadi Nyutoni 4.4, pungufu kwa mara 45. Ubao mmoja tu, na hesabu ya kugawanya ya kidato cha kwanza.

Nne, uzito wa giaboksi yenyewe. Ya gari dogo au pikapu nyepesi huwa kati ya kilo 30 na 50 hivi. Vijana wenye misuli hupenda kuipokea kifuani, wakilala chali. Tuseme ina kilo 40, yaani uzito wa Nyutoni 400 hivi, na ikaponyoka kutoka nusu mita. Itafika na nishati ya Juli 200. Ikisimamishwa na kifua katika umbali wa sentimita mbili, kani ya wastani itakuwa Nyutoni 10,000, sawa na uzito wa tani moja. Mbavu za mwanadamu hazikuumbwa kwa mzigo huo, na ushujaa haubadilishi hesabu.

Uzito huo huo huharibu hata usipomwangukia mtu. Fundi akifungua bolti zote na kuiacha giaboksi ining'inie kwenye shafti yake ya kuingilia, uzito wa Nyutoni 400 ukiwa umbali wa mita 0.3 huipinda klachi pleti kwa Nyutoni-mita 120. Pleti hupindika katikati, na mwenye gari hushangaa kwamba klachi mpya yatetemeka. Hali kadhalika kuna wanaoshindwa kuiingiza giaboksi, wakaamua kuivuta kwa kukaza bolti. Ganda la giaboksi mara nyingi limetengenezwa kwa alumini, na bolti ni za feleji ngumu. Wapiganapo wawili hawa, alumini ndiyo inayovunjika. Mtu anayeongeza bomba kwenye mpini wa spana ili kuurefusha kutoka mita 0.3 hadi 0.6 amezidisha nguvu ya kukaza mara mbili bila ya mkono wake kuhisi chochote. Ndiyo maana kitabu cha gari hutaja kipimo cha kukazia kila bolti.

Vumbi na oili

Hatari nyingine haisikiki wala haiumizi siku ile ile. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 klachi pleti na viatu vya breki vilitengenezwa kwa asbesto, madini yenye nyuzi zinazovumilia joto na msuguano. Nyuzi hizo zikipasuka huwa nyembamba kiasi cha kutoonekana kwa macho, na zikivutwa hukaa ndani ya mapafu. Magonjwa yake, pamoja na saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, hujitokeza baada ya miaka mingi, mara nyingi 20 hadi 40. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Nchi nyingi zimeipiga marufuku, na viwanda vingi vimeacha kuitumia katika klachi. Lakini magari ya zamani yangalipo, na vipuri visivyojulikana vimetengenezwa kwa nini vingalipo vile vile.

Basi ganda la klachi likifunguliwa na vumbi jeusi likaonekana, asithubutu mtu kulipuliza kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lilowanishwe kwa maji yenye sabuni, lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa hicho kifungwe ndani ya mfuko na kutupwa kikiwa bado kimelowa. Watoto wakae mbali. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za nyumbani. Kijana wa miaka 15 anayepuliza vumbi hilo leo hataambiwa na mwili wake kwamba amekosea, mpaka awe mtu mzima mwenye jamaa wa kulisha.

Oili nayo ina kemia yake. Harufu kali ya oili ya giaboksi yatokana na michanganyiko ya salfa iliyotiwa makusudi. Meno yakigandamizana kwa nguvu, salfa huungana na chuma na kufanya utando mwembamba unaozuia vyuma visisagane. Lakini salfa hiyo hiyo, ikiwa nyingi au kali mno, yaweza kuila shaba ya manjano iliyotumika katika ringi za kusawazisha mwendo. Kwa sababu hiyo oili inayofaa difu si lazima iifae giaboksi, na anayemimina yoyote iliyopo aweza kuiharibu pole pole. Na oili iliyomwagwa isimwagwe tena shimoni wala mtaroni. Uani mwetu ndimo mlimo kisima, bustani ya mchicha na banda la kuku. Itiwe katika dumu, lifunikwe, na kupelekwa mahali inapokusanywa.

Hoja za wasiokubali

Najua kwamba baadhi ya walimu watasema: muhtasari wa masomo umejaa, mitihani yakaribia, na giaboksi haitajwi katika karatasi ya maswali. Jibu langu ni kwamba wenzo, kanieneo, msuguano, kitovu cha uzito, nishati na athari za kemikali kwa metali zote zimo katika muhtasari huo. Hatuongezi mada, tunabadilisha mfano. Mwanafunzi anayefundishwa kanieneo kwa mfano wa jeki iliyo mbele yake huikumbuka kanuni siku ya mtihani, na huikumbuka pia siku atakapolala chini ya gari.

Wengine watasema kwamba ni hatari kuwapeleka watoto chini ya gari. Nakubaliana nao kabisa, wala sijashauri hivyo. Giaboksi iliyokufa, iliyonunuliwa kwa bei ya chuma chakavu au kuombwa gereji, ikiwekwa juu ya meza imara yafundisha yote. Wanafunzi wataihesabu meno, wataizungusha shafti ya kuingilia na kuhesabu mizunguko ya shafti ya kutokea katika kila gia, kisha watalinganisha hesabu ya meno na hesabu ya mizunguko. Somo la kuinua gari lifanywe kwa mfano mdogo: tofali, ubao, sanduku la mchanga na mizani.

Wako pia watakaouliza kama jambo hili halijapitwa na wakati. Magari mengi madogo yanayoletwa siku hizi ni otomatiki, na ya umeme kwa kawaida hayana gia za kubadilisha. Ni kweli. Lakini malori, mabasi, matrekta na pikapu nyingi zinazobeba mazao yetu zingali na giaboksi za mkono, na zitaendelea kuwa nazo kwa miaka mingi. Isitoshe, sheria ya wenzo na sheria ya Pascal hazibadiliki pamoja na mitindo ya magari. Betri ya gari la umeme ni nzito kuliko giaboksi, na atakayeishusha atahitaji stendi vile vile.

Hoja iliyo nzito zaidi hutoka kwa mafundi wenyewe. Wanasema: sisi tumeyajua haya bila ya vitabu, na wenye vitabu hawajui kufungua hata bolti moja. Hili nalikubali kwa nusu. Fundi wa mtaani hujua kwa mkono wake mambo ambayo mwalimu hajawahi kuyagusa; aweza kutambua kwa sikio beringi iliyokwisha. Lakini ujuzi usioelezwa sababu hurithisha mema na mabaya pamoja. Kijana anayejifunza kwa kutazama tu atajifunza kupanga klachi pleti kwa kijiti, na atajifunza pia kupuliza vumbi na kulala chini ya jeki, kwa maana yote ameyaona yakifanywa na mkono ule ule. Sababu ndiyo inayomwezesha kuchagua.

Yanayopasa kutendwa

Mnamo mwaka 1967 taifa letu lilitangaza siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotaka shule isitengane na kazi za jamii. Mara nyingi tumeitafsiri kuwa ni jembe na shamba peke yake. Naona giaboksi nayo yafaa kuingia humo. Mwalimu wa fizikia na amwalike fundi wa mtaa wake darasani, si kwa kumpa nafasi ya kuchekesha watoto, bali kama mtaalamu mwenzake. Fundi aonyeshe, mwalimu aeleze sababu, na wanafunzi wafanye hesabu. Na mwalimu asiyacheke maneno ya fundi. Klachi, beringi, propela na stata ni maneno ya Kiswahili yaliyozaliwa na kazi, na darasa litaeleweka zaidi likiyatumia.

Ama wewe mwanafunzi, ambaye huenda una baba au kaka mwenye gari, nakupa maswali matatu ya kuuliza kabla kazi haijaanza nyumbani kwenu. Ni kitu gani kitakachoshikilia gari hili baada ya jeki kuondolewa? Uzito wa giaboksi utabebwa na nini tangu bolti ya mwisho itakapotoka mpaka itakapofika chini? Na vumbi litakalokutwa ndani litafanywaje? Uliza kwa adabu, kama mtu anayetaka kujifunza. Pakiwa na jibu la kila swali, chukua spana usaidie, nawe utajifunza mengi kwa siku moja. Jibu la hata swali moja likikosekana, waombe wakubwa wako waisimamishe kazi mpaka stendi, ubao na kitambaa cha maji vipatikane. Gari laweza kungoja hadi kesho.